Kadi Nambari Tisa

Walinipa maneno arobaini.
"Yasizidi," alisema Famau. "Wageni husoma wamesimama,
wametoka juani, na wengine wamebeba watoto."
Arobaini. Kwetu hesabu hiyo ina kazi yake:
siku ikifika husomwa khitima, hupikwa pilau,
watu wakarudi makwao.

Kitu chenyewe kimo ndani ya kioo, chumba cha chini cha ngome,
ambacho kabla ya kuwa chumba cha maonyesho kilikuwa seli.
Fuvu. Upande wa kushoto lina ufa
wa kuingia kidole.
Lilitoka mchangani, nyuma ya Shela, upepo ulipohamisha kilima
na mtoto mmoja akalipiga teke akidhani ni kifuu.
Taa ndogo ya manjano inalimulika kutoka chini
kama wanavyomulika pete masonara.

Rasimu ya kwanza: Alifariki vitani.
Nikaikata. Kufariki ni kwa kitandani,
mtu amekushika mkono, maji ya zamzam yapo kwenye kijiko.
Ya pili: Alipoteza maisha.
Kama apotezaye ufunguo,
akautafuta mchangani miaka mia mbili!
Ya tatu: Alikufa.
Hata kuku hufa.
Ya nne: Aliuawa.
Hapo kalamu ikasimama, maana kitenzi hiki
kina mkia: aliuawa na.
Na nani?

"Andika katika mapigano," Famau akasema.
"Mapigano hayana ukoo.
Wajukuu wa pande zote mbili wako hapo nje wanauza sambusa,
wameoana, wanadaiana. Wewe wataka nini?"
Nilitaka mshahara wangu. Hilo lingine
sikujua namna ya kulitaja mbele ya mkubwa.

Walikuja wanafunzi kutoka Mokowe, soksi zimejaa mchanga.
Mmoja akauliza, "Mwalimu, alikuwa wetu au wao?"
Mwalimu akatazama saa.
"Andikeni tarehe."

Alikuja mama mmoja, kofia pana, harufu ya mafuta ya nazi.
Akainama hata shavu lake likalingana na fuvu,
akatabasamu, akajipiga picha.
Akaitazama. Akajipiga tena,
kwa kuwa mara ya kwanza alifumba macho.

Kila asubuhi nikifungua chumba
nakuta kioo kimefinikwa leso.
Naikunja, naiweka dirishani. Jioni inarudi.
Ni ya Bi Mwanakheri, anayefagia ua,
na maandishi yake hayahusiani na lolote:
Kwangu ni kwangu hata mlango ukiwa wa makuti.
Siku moja tu tulilizungumza.
"Mato yote haya, kutwa," alisema, ufagio mkononi.
"Maiti hatazamwi hivi. Hufinikwa."
Nikamwambia, Bi, ni la kale sana, hata nyama haina.
Akanitazama mimi, mwenye nyama,
akaendelea kufagia.

Nilijaribu kuandika kuhusu ufa. Umbo lake, pembe yake,
chuma cha namna gani. Ikawa habari ya upanga.
Maneno arobaini ya upanga, ukiwa umenolewa vizuri,
na mwenye kichwa hayumo.
Nikaichana.

Kadi ilikwenda Mombasa kuchapwa.
Yule wa kiwandani akapiga simu:
"Nambari tisa haijakwisha. Inasema aliuawa na,
kisha pana nafasi tupu, kisha nukta.
Kuna neno limeanguka?"
Nikamwambia, iache hivyo hivyo.
"Basi makosa si yangu," akasema.
Si yako, nikamwambia.

Famau aliibandika mwenyewe, kwa gundi nyingi mno.
Akarudi nyuma hatua mbili, akahesabu kwa kidole,
midomo ikichezacheza kama ya mtoto wa chuoni.
"Thelathini na tisa," akasema. "Limebaki moja."
Akangoja.
Nje mtu alikuwa anapatana bei ya sambusa.
Kisha akaenda kula.

Jioni ile leso ilivutwa ikafika hadi kwenye kadi,
ikaifinika, ila pembe moja ya juu:
tarakimu tisa, na nusu ya herufi ya kwanza.